Duara Lenye Pengo

Tangu tuoane, mume wangu hajawahi kupiga honi kwenye geti letu. Si kwamba honi yake ni mbovu, ila hapati nafasi. Kabla hajafika, mimi nimeshainuka kwenye cherehani, nimeshavuka ua, nimeshavuta komeo, na yeye anaingia na pikipiki yake moja kwa moja bila hata kukanyaga breki. Hatukukaa tukakubaliana iwe hivyo. Ilianza jioni ya kwanza ya ndoa, kwa sababu nilikuwa na kiherehere cha bibi harusi, na kiherehere chenyewe sikukiacha mpaka leo. Wifi yangu, anayekaa chumba cha uani, husema mimi sikuolewa na kaka yake, niliolewa na geti.

Kisha macho yangu yakaanza kujifunga. Daktari alinieleza taratibu kwamba uoni wangu unaliwa kutoka pembeni kuja katikati, na kwamba dawa zitauchelewesha ugonjwa lakini kilichokwenda hakirudi. Mimi ni fundi cherehani, nikamwelewa kifundi. Naitazama dunia kupitia tundu la kifungo. Kilichomo ndani ya tundu nakiona vizuri tu; kilicho nje yake hakipo, mpaka nikigonge kwa goti.

Mchana navumilia. Giza likianza kuingia, watu wanayeyuka, nyumba zinayeyuka, zinabaki taa peke yake. Zinateremka kilima zikielea, hazina mtu wala gari, zinakuja, zinapita, zinazima. Huwa nakaa kibarazani nikizitazama mpaka nashindwa kujua kama niko macho au nimesinzia. Ni nzuri, sitasema uongo. Kuna jioni nilitamani niwaonee huruma wenye macho mazima kwa kukosa kuziona hivyo.

Lakini zinafanana. Mume wangu anabeba abiria, na wenzake wa kijiweni wanashuka kupitia mtaa wetu huu huu wakirudi makwao, wote wana pikipiki za aina moja. Utasema ningemtambua kwa mlio. Ungekuja ukae hapa ng'ambo ya mashine ya kusaga uone kama utasikia hata jina lako. Basi nikaanza kuwafungulia wasiohusika. Jioni moja nilimfungulia geti kinyozi wa mtaa wa pili, naye ana pikipiki, nikamwambia, "Pole na kazi, mpenzi." Akajibu, "Asante shemeji, ila mimi nakwenda kwangu." Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Niliogopa, na nilijua hasa ninachokiogopa: siku ambayo mume wangu atasimama nje ya nyumba yake na kupiga honi kama mleta mzigo.

Nilimwambia hivyo hivyo, maana mimi na kuzungukazunguka hatupatani. "Siku utakayopiga honi hapo, ujue nimeshakupoteza."

Yeye ni mtu wa maneno machache. Kijiweni wanamwita Pengo kwa ajili ya jino la mbele lililomtoka zamani, na nadhani anafunga mdomo ili asilionyeshe. Siku ya mapumziko yake alikuja mezani kwangu na kiboksi. Ndani yake mlikuwa na pete nyembamba, upana wa kisosi, imejaa vitaa vidogo vidogo vyeupe.

"Hii inakaa ndani ya taa ya mbele, inazunguka ile taa kubwa," alisema. "Kijiweni hakuna mwenye nayo. Ukiona duara linashuka, ni mimi."

"Na nani ataifunga?"

"Sisi."

Nikasogeza vitambaa vya wateja pembeni. Alikuwa ameshaing'oa taa ya pikipiki, lakini kioo chake kimegandishwa kwa gundi na hakifunguki bila joto. Akaniomba sufuria langu kubwa. Tukaiviringisha taa kwa taulo kavu, tukaifunika ndani ya sufuria, tukaiweka kwenye mkaa unaokaribia kufa. Wifi alipita, akafunua mfuniko, akatutazama mmoja mmoja.

"Hii inaiva saa ngapi?"

"Toka hapa, usituletee mikosi," nikamwambia.

Gundi ikalegea. Mume wangu akapitisha bisibisi ukingoni polepole, kioo kikatoka bila kupasuka, na mbele yetu kikatokea kile kibakuli cha ndani kinachong'aa. Akanionya nisikiguse, alama ya kidole haitoki. Nikainamisha uso juu yake, nikajiona mle ndani nimevutwa, nimezungushwa, jicho moja kubwa likinitazama kutoka mbali sana. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Mume wangu hakuniharakisha.

Pete ikabandikwa. Zikabaki nyaya mbili za kuchomelea, nyembamba kweli, na vidole vyake ni vinene. Nikamnyang'anya kile chuma cha moto cha kuchomelea. "Lete hapa. Mimi natunga uzi kwenye sindano kila siku, wewe unaendesha pikipiki."

Alisita kidogo, akanipa. Waya wa kwanza ukashika. Wa pili ukashika. Nikajiona bingwa, nikageuza kichwa kumtazama ili anisifie, na kwa kugeuka ile pete ikatoka kwenye tundu langu la kifungo. Ilitoka duniani, mkono wangu ukabaki huko peke yake. Nikasikia harufu ya plastiki inayoungua.

Tulipowasha, duara zima liliwaka isipokuwa chini, upande wa kulia. Vitaa vitatu vilikuwa vimekufa. Nililia. Si kwa ajili ya vitaa. Nililia kwa sababu kazi ya mikono ndiyo niliyodhani macho hayataninyang'anya.

"Inawaka, inatosha," alisema. "Nitakutafutia nyingine."

Akakirudisha kioo, akaziba ukingo kwa gundi mpya, akatoka kwenda kuijaribu. Jioni hiyo nilikaa kibarazani nimebana mikono mapajani. Taa zikashuka zile zile za siku zote, na katikati yao likatokea duara, jeupe, jepesi, likielea juu ya barabara bila haraka. Nilifika getini kabla yake. Nilipovuta komeo nilikuwa nacheka peke yangu.

Raha ile haikudumu. Mume wangu hana hiana. Ukimwomba shati alilovaa atakuuliza unataka na vifungo. Wenzake walipoiona pete wakaitamani, na duka lilikuwa na aina ile ile moja. Wakawa wanakuja uani kwetu mmoja mmoja na taa zao kwapani, na sufuria langu halikupoa. Baada ya muda kilima kizima kilishuka maduara. Nilimtolea uvivu mchana kutwa.

"Nilidhani utafurahi," alisema. "Yanapendeza."

Yalipendeza, ndicho kilichoniuma. Yalishuka mengi kwa pamoja, yakipishana, yakipandana. Ndipo nikaliona moja lenye kijipengo chini, upande wa kulia. Moyo ukatulia pale pale. Lilikuwa linacheka kama yeye, midomo imefunguka na jino moja halipo.

Sikumwambia. Hilo ndilo kosa langu mimi, lake linakuja. Kila jioni nililisubiri lile pengo, likitokea nafungua, na yeye akidhani bado namtambua kwa miujiza ya mapenzi. Nilipenda adhani hivyo. Na yeye naye alikuwa na lake moyoni: kila alipoitazama ile pete alikuwa ananiona mimi nikilia mezani.

Jioni ya tukio nilikaa mapema. Mashine ya kusaga ilikuwa inaunguruma kama kawaida. Likashuka duara, zima. Likashuka jingine, zima. Yakaja mawili kwa pamoja, yote mazima. Nikaanza kukosa raha. Nikamuuliza wifi kama kaka yake amesema atachelewa, akasema hajasema kitu. Likaja duara jingine zima, likapunguza mwendo, likasimama nje ya geti letu. Mtu wa kijiweni, saa hizi, bila mume wangu. Nikajua ameleta habari mbaya.

Honi ikalia. Fupi, kama mtu anayekohoa mbele ya wakwe. Sikuitambua, kwa sababu sikuwahi kuisikia maishani mwangu.

Nilifika getini nikiwa nimeshika ukuta. Nikavuta komeo. Duara likanijaa tundu lote la macho, jeupe, halina dosari.

"Niambie tu," nikasema. "Yuko hospitali gani?"

"Nani?"

Ilikuwa sauti yake.

Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, kisha nikamshikilia lile shati asiende popote. Yeye alikuwa anajieleza juu ya kichwa changu: amepata pete mpya, wenzake wamemsaidia kuifunga kijiweni tangu alasiri, ametaka kunishtukiza, ametaka ile alama ya siku ile itoke mbele ya macho yangu. "Nilidhani inakutia aibu," alisema. "Nikasimama hapa nikakusubiri. Nimekusubiri, mama, hukuja. Ndiyo nikapiga."

"Ile alama ndiyo niliyokuwa nakujulia."

Akanibana kifuani kwake. Kwa mara ya kwanza nilijua kwamba na yeye alikuwa anaiogopa ile honi, pengine kunizidi.

Kisha akafungua boksi la vifaa chini ya kiti, akatoa utepe mweusi wa kufungia nyaya, akakata kipande kwa meno. Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya kioo chenye joto.

"Nionyeshe."

"Hapa. Hapana, shuka kidogo. Kulia."

Akabandika pale kidole changu kilipokuwa, akabonyeza kwa dole gumba lake nene.

"Sasa rudi," nikamwambia.

"Wapi?"

"Juu. Rudi kabisa kileleni, uje upya."

Mwanamume mwingine angeniuliza kama nina akili timamu. Yeye aligeuza pikipiki. Nikafunga geti, nikaweka komeo, nikavuka ua, nikakaa kibarazani mahali pangu. Wifi alikuja akakaa pembeni yangu.

Taa zilikuwa zinaelea. Likashuka duara zima, likapita. Likashuka jingine, likapita. Nikapangusa macho kwa kanga. Halafu kule juu kabisa, dogo kuliko kifungo cha shati, likatokea moja lenye pengo.

Liliponifikia, geti lilikuwa wazi.