Chumba Kilichozimia

Sista aliiweka nepi juu ya mizani, akainama kusoma uzito, kisha akaikunja. Bibi hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameshaigusa mwenyewe kabla haijatolewa kitandani. Ilikuwa kavu kama ilivyoanuliwa kwenye kamba.

"Bado?" aliuliza hata hivyo.

"Bado, Bibi."

Maisha yake yote alikuwa akipigana na mikojo ya watoto. Ilimwozeshea magodoro, ilimharibia nguo za kutokea, na mmoja wa wanawe aliwahi kumlowesha mwenye nyumba aliyekuja kuwafokea, jambo ambalo Bibi hakulijutia hata siku moja. Sasa alikuwa tayari kupiga magoti kwa ajili ya tone moja.

"Mume wangu," alimnong'oneza mjukuu wake, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, "niloweshe basi. Nimekuja na nguo ya kubadilisha."

Mtoto hakufumbua macho. Hata angetaka asingeweza, kwa vile kope zilivyojaa. Mikono ilikuwa imetuna mpaka vifundo vya vidole havionekani. Alipumua haraka haraka, na kila alipovuta pumzi mbavu zilibonyea ndani, mpira mwembamba wa hewa ukimtikisika puani.

Kisa kilianza na kuharisha, kama wanavyoharisha watoto wote wa mtaa wao, ambako maji ya bomba hutoka yakinuka mtaro. Kuharisha kukakoma, mtoto akaanza kujaa. Hapo ndipo walipokosea. Mama yake, aliyekuwa akishinda kiwandani kushona magunia, alirudi jioni akamkuta mwanawe ana mashavu, akacheka kwa furaha. Majirani wakasifu. Bibi mwenyewe alimbeba mlango kwa mlango kumwonyesha, akajigamba kwamba uji wake umefanya kazi. Siku aliyombonyeza mguu kwa mapenzi, akaondoa kidole na shimo likabaki pale pale, ndipo alipombeba kumleta hospitali.

Daktari wa watoto alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wake. Hakumweleza akiwa amesimama. Alivuta kiti akakaa, magoti yao yakakaribia kugusana, na Bibi aliuweka moyoni wema huo.

"Figo zake zimelala, Bibi. Hazijafa. Zikipata mtu wa kuzishikia kazi siku chache, zinaweza kuamka zenyewe. Lakini maji asiyoyakojoa yanamjaa. Yakimfika mapafuni atazama, hapa hapa kitandani."

Dawa za kumkojoza zilikuwa zimeshindwa. Mashine ya kusafisha damu ya watu wazima ilikuwepo jengo la pili, lakini ingevuta damu nyingi mno kwa mkupuo mmoja, na kitoto kile hakikuwa na damu ya kuazimisha. Ya watoto huvuta kidogo, huchuja maji, huirudisha damu, na kazi hiyo huenda taratibu, maana maji yakitolewa kwa pupa moyo mdogo hushtuka ukasimama. Bibi aliuliza mashine ya namna hiyo iko nchi gani. Daktari akamwonyesha kwa kidevu. Ilikuwa ng'ambo ya korido.

Mlango ulikuwa wa kioo. Ndani mashine ilisimama imevikwa nailoni, na ukutani rafu zilijaa makasha yaliyopangwa vizuri. Daktari alisema humo pia ndimo ilimowekwa mipira ya kuoshea tumbo, njia nyingine ya kumtoa mtoto maji ambayo angeweza kuifanya kwa mikono yake, bila mashine. Ila mlango ulifungwa, na mbele yake ulikatiza utepe mwekundu. Kila asubuhi mfagiaji alikifuta kioo na kuupangusa utepe vumbi.

Ufunguo alikuwa nao msimamizi wa hospitali. Akina mama wa wodini walimwita Bwana Funguo, kwa kuwa kitita cha funguo kiunoni kilimtangaza kabla hajakunja kona. Daktari alikuwa amemwendea mara nyingi na kurudi macho mekundu. Basi Bibi akaenda kumsimamisha njiani mwenyewe.

"Mwanangu, tufungulie."

"Mama, chumba hakijazinduliwa."

Bibi alilifikiria lile neno. Kwake yeye, mtu wa kuzinduliwa ni yule aliyeanguka akapoteza fahamu. Unampepea, unamnyunyizia maji usoni, anarudi.

"Kwani kimezimia?"

Hakuwa akitania, lakini wodi nzima iliangua kicheko, na mfagiaji ikabidi aegemee fimbo ya ufagio wake. Bwana Funguo hakucheka.

"Kuna utaratibu. Mgeni rasmi ndiye anayekata utepe. Mimi nikifungua leo, kesho niko nyumbani na watoto wangu, wananitazama."

"Na wangu?"

Funguo zilikwisha kukunja kona.

Mgeni rasmi alikuwa ameahirisha mara mbili, kwa kuwa alikuwa na shughuli. Asubuhi ilipotangazwa kuwa anakuja kweli, hospitali iliamka kama nyumba yenye harusi. Akina mama waliokuwa wakilala sakafuni walihamishiwa nyuma ya chumba cha kufulia wasionekane. Yaligawanywa mashuka meupe, na kila mgonjwa akaonywa asiyachafue kwa kuwa yatakusanywa. Mabomba ya sebule ya madaktari yaliyovuja tangu masika yakapakwa rangi.

Kisha Bwana Funguo akaingia na mpiga picha kutafuta mtoto wa kubebwa. Wakapita kitanda hadi kitanda. Mmoja alikuwa amekonda, mwingine ana vidonda, mwingine analia. Wakasimama mbele ya Bibi.

"Huyu," alisema Bwana Funguo. "Mnono huyu. Anapendeza."

"Huyo ndiye mgonjwa kuliko wote humu," alisema daktari.

"Haonekani."

"Amevimba, bwana. Hayo ni maji."

"Kwenye picha hayataonekana kuwa maji, Dokta."

Daktari aliutazama mlango wa kioo. Halafu akainama kana kwamba anarekebisha shuka, akamwambia Bibi sikioni akubali. Mtoto akishaingia mle, hakuna wa kumtoa. Yeye daktari atakuwa ameshamuunganisha na mashine kabla wakubwa hawajamaliza soda zao.

Bibi akakubali. Akamshukuru hata Bwana Funguo.

Sista alimpangusa mtoto kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, polepole, mkunjo kwa mkunjo. Mfagiaji alivua kitambaa chake cha kichwa, kisafi, cha maua ya samawati, akasema amfunike nacho, mtoto asiende kwa wakubwa na blanketi lenye matundu. Bibi alitaka kukataa. Mwenzake alikwisha kujiendea, nywele wazi, ameshika ndoo.

Mgeni alifika jua limeinama. Kulikuwa na hotuba kuhusu maisha ya watoto wetu, na makofi. Mpiga picha aliomba ule mpira wa puani utolewe kidogo tu, unaharibu. Daktari akasema hapana. Bwana Funguo akamtazama, akautazama mlango, akachezea funguo. Daktari akautoa kwa mkono wake.

Mkasi ukakata. Wakaingia, Bibi mbele na mtoto kifuani, akihesabu pumzi zake kwa ngozi yake mwenyewe.

"Kanono haka!" alisema mgeni. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye mkono laini. "Bibi, unakalisha nini?"

"Maji," alisema Bibi.

Watu walicheka, na mgeni akacheka kuwapita wote. Akambonyeza mtoto shavu kwa kidole gumba, akageukia kamera, taa zikamulika. Kisha akatazama saa.

Korido haijatulia, daktari alikwisha kurudisha mpira wa hewa puani. Akairarua ile nailoni. Mashine ikawaka, ikalia kwa sauti nyembamba, tayari.

"Sista, kasha la chini. Mipira ya watoto."

Sista alilishika kwa mikono miwili, akajikaza kama mtu anayenyanyua mzigo, na kasha likaruka likampiga kifuani. Halikuwa na uzito wowote. Akalifungua. Akafungua la pili. Daktari akaziendea rafu mwenyewe, akawa anayavuta makasha na kuyatupa, nayo yakadondoka yakitoa mlio mmoja, ule wa boksi tupu. La mipira ya tumbo nalo lilikuwa tupu.

Bwana Funguo alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya soda.

"Vifaa viko njiani. Hayo yaliletwa rafu zisionekane vibaya."

"Ulijua?"

"Dokta, mimi nilipewa ufunguo."

"Basi gari la wagonjwa. Sasa hivi. Nampeleka kwingine."

"Limeusindikiza msafara. Ni utaratibu, kiongozi asije akaugua njiani."

Daktari alimpita akimgonga bega, soda ikamwagika. Bibi alisikia sauti yake simuni kule koridoni. Ilianza kwa kuuliza, ikaomba, ikapiga kelele, kisha ikaanza tena kuuliza, kwa namba nyingine.

Sista alipiga magoti katikati ya makasha, akaendelea kuyafungua yaliyobaki, moja moja, hata yale yaliyokwisha kufunguliwa. Mlangoni mfagiaji aliokota utepe.

"Usiutupe," aliambiwa na Bwana Funguo, aliyekuwa akijifuta shati. "Vifaa vikifika navyo vitazinduliwa."

Mpiga picha alirudi kuchukua mkoba aliousahau. Alikuwa kijana mwenye adabu, na alipomwona yule mzee ameketi peke yake na mtoto mapajani, akachuchumaa amwonyeshe kamera, apate japo hicho.

"Tazama, Bibi. Kametoka vizuri. Kana kishimo shavuni."

Bibi alitazama. Mtoto wa kwenye kioo cha kamera aling'aa, mnono, katika maua ya samawati. Kisha akamtazama huyu aliyempakata. Nyuma yao mashine ililia, ikidai iunganishwe na mtu. Mgeni alikwisha kufika mbali, labda amelala garini, na kidole chake bado kilikuwa pale shavuni, shimo zima, na kucha yake.

Alinyoosha mkono alisawazishe. Akaurudisha. Yeye naye angeacha shimo lake.