Kitoto cha Mbuzi Mawe na Sala ya Jumamosi

"Mama Odeta, hivi kile kitoto cha mbuzi mawe kikishuka asubuhi, hupita wapi?"

Nkwabi aliuliza hivyo akiwa ameegemea ua wa minyaa, mswaki mdomoni, kama jirani anayeuliza tu habari za mvua. Na Sabina, ndiye huyo Mama Odeta, Mungu amsamehe, akamjibu. Akamwonyesha kwa kidole na kila kitu: kinaanzia kule kileleni, kinafuata ule ufa mweusi, kinapenya katikati ya yale mawe mawili yaliyobanana kama waumini kwenye benchi siku ya Krismasi, ndipo kinatokea kwenye jabali pana anapoanika michembe yake ya viazi vitamu. Alieleza kwa raha zote, kama mzazi anayeulizwa habari za mtoto aliyefaulu mtihani.

Tangu amzike mumewe, Sabina akishamaliza sala ya asubuhi alikuwa anakaa mlangoni na ungo wa viazi, anamenya, anatazama mawe. Upande huu wa Kamanga mawe yamesimama juu ya ziwa kama maghorofa yasiyo na madirisha, na mji wa Mwanza unauona ng'ambo. Wengine wana redio. Yeye alikuwa na yule mbuzi mawe jike, swala mdogo wa majabalini, na mwanawe.

Na kitoto chenyewe kilikuwa kitundu kupita kiasi. Kilipanda mgongo wa mama yake kama ngazi, kikaruka kutoka hapo hadi kwenye jiwe, kikarudi, kikaruka tena. Kikiwakuta pimbi wanaota jua hakipiti pembeni. Kinatua katikati yao, pimbi wanatawanyika kama wanafunzi waliosikia viatu vya mwalimu, nacho kinabaki kimesimama kwenye ncha za kwato, zote nne zimeenea mahali pa kuweka kikombe. Mama yake anatafuna majani na kutazama ziwani, kama mwanamke aliyeulizwa sokoni, "Huyu mtoto ni wa nani?" akanyamaza.

Ijumaa jioni Sabina akamwona Nkwabi anashuka kutoka kwenye mawe, anajipangusa mikono na kuimba kwa pua. Nyuma yake, katikati ya yale mawe mawili, jua la kuzama likapiga kitu kikang'aa. Waya. Kitanzi kizuri kabisa, mahali hasa alipokuwa ameonyesha yeye kwa kidole chake.

Kupanda akautoe hakuweza, magoti yalishakataa mambo hayo zamani. Kwa bwana nyamapori nako hakutaka kwenda. Nkwabi alikuwa shemeji yake kwa urafiki tu na marehemu, ndiye aliyeshika jembe la kwanza kwenye kaburi la mumewe. Mtu wa namna hiyo humpeleki serikalini. Unampeleka kwa Mungu, mbele za watu.

Akajitanda kanga akaenda kwa Kokulinda, mama wa Kihaya mwenye sauti ya kengele, mwenyekiti wa jumuiya yao ya Kikatoliki, inayosali kila Jumamosi kwa zamu nyumbani kwa mmoja wao.

"Kesho tunasali kwa nani?"

"Zamu ni ya Nkwabi, lakini si unamjua. Atasema nyumba haijapakwa chokaa. Tangu Pasaka tunamruka."

"Safari hii usimuulize yeye," Sabina akasema. "Muulize Hellen."

Hellen, mke wa Nkwabi, alikuwa ameitamani siku hiyo mpaka akachoka kutamani. Alikubali kabla swali halijaisha. Akafagia, akaazima viti, akachemsha karanga. Hakumwambia mumewe, alisema moyoni kwamba mwanamume akijua mapema hupata safari.

Basi Jumamosi alfajiri, Nkwabi alipofungua mlango na panga lake mkononi, akakutana na wimbo wa Bikira Maria uwanjani, na Kokulinda mbele yake.

"Shikamoo mama mwenyekiti," akasema, akaliegemeza panga nyuma ya mlango.

"Marahaba. Ulikuwa unatufyekea njia? Mungu akubariki."

Wakaingia. Sabina akachagua kiti cha karibu na mlango, akauacha wazi. Kutoka pale mawe yote yalionekana. Nkwabi akakaa mkabala naye, macho yake yakitoka nje na kurudi kama mtu aliyeacha sufuria jikoni.

Wakati wa somo kitoto kikatokea kileleni. Kikampanda mama yake, kikashuka, kikazunguka jiwe kumtafuta mjusi mwenye kichwa chekundu. Kisha kikaingia kwenye ule ufa. 

"Nia zetu," akasema Kokulinda. "Anayeguswa aombe."

Sabina akafumba jicho moja. "Kwa ajili ya wote wanaonyonyesha, wa majumbani na wa kwenye mawe. Na kwa yeyote aliyetega waya kule juu, Bwana ampe miguu myepesi akautegue kabla hatujasema Amina. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia wote, na Nkwabi kwa mazoea akawa wa kwanza, na sauti yake ndiyo iliyokuwa kubwa.

Watu wakafumbua macho.

"Nani katega?" akauliza Kokulinda.

"Sijataja mtu, mama. Nimeomba tu."

Mzee Elias, mvuvi aliyestaafu, akakohoa. "Na mimi niombee magoti ya huyo mtu, maana kule kunateleza. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie." Safari hii waliitikia huku mabega yanatikisika.

Shingo zote zilikuwa zimegeukia mlangoni. Kitoto kilifika kwenye mwanya, kikasimama, kikaunyooshea waya pua. Kikaupiga kwato, waya ukacheza, nacho kikaona ni mchezo. Kikarudi nyuma ili kije kwa kasi.

"Shuu!" Nkwabi alikuwa amesimama, anapiga makofi kama anayefukuza ndege mtamani. "Toka hapo, shuu, wewe!"

Mama mbuzi akapiga mluzi mkali. Kitoto kikageukia hewani, kikapiga jiwe la kushoto, la kulia, na kufumba na kufumbua wote wawili walikuwa kileleni, mama mbele, mtoto nyuma akirusha miguu kwa furaha zake.

Sasa shingo zikarudi ndani, zikamtazama mwenye nyumba.

"Shemeji," Sabina akasema kwa upole, "umejuaje kwamba pale ndipo?"



"Na mimi nina nia yangu," akasema Hellen, mikono imekunjwa kifuani. "Tangu juzi naanika nguo kwenye miiba. Mwenye waya wangu wa kuanikia, Bwana amguse aurudishe leo. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," ikaitika nyumba nzima.

Nkwabi akachukua kofia yake msumarini, akapita katikati ya viti, akatoka kuelekea kwenye mawe kuutegua waya wa mkewe.