Mlio Mmoja wa Simu

Tarehe tisa Februari, Jumatatu. Ukungu mzito.

Katika darasa la lugha la jioni tulifundishwa kuanza hivyo: kwanza tarehe, kisha hali ya hewa, ndipo mengine yafuate. Mwalimu alituambia kwamba mtu anayeweza kusema leo ni siku gani na nje kukoje hajapotea kabisa katika nchi ya watu. Basi naanza hapo. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye vizingiti vya milango, na taa ya barabarani mbele ya jengo letu ilikuwa imebaki doa la njano lisilomulika kitu. Mume wangu alisimama mlangoni, mkoba wa vifaa begani. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikitafuta kiatu cha binti yetu chini ya kitanda, kwa hiyo nilimwona miguu tu.

"Nikifika nitabipu," alisema.

Alisema hivyo kila siku ya kazi, kama wengine wanavyosema kwaheri. Nilimjibu kutoka chini ya kitanda kwamba afunge shingo vizuri. Nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi, mlango wa chini ukijibamiza, kisha kimya.

Alikuwa fundi wa friji. Jengo zima lilimwita Barafu, nusu kwa ajili ya kazi yake na nusu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amepandisha hasira. Jirani yetu wa chini alikuwa akisema kwamba ukitaka kumtukana Barafu lazima umtukane mara mbili, maana tusi la kwanza huwa bado halijayeyuka.

Wote katika jengo lile tulikuwa wageni wa nchi ile. Tulikuja kwa njia tofauti, lakini lugha yetu ilikuwa moja, na kazi zetu zilianza kabla ya jua: majiko ya hospitali, maegesho ya magari, vyumba vya kufulia. Waliotuchukia walijua hilo. Walijua kwamba alfajiri, anayetembea peke yake na kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, ni mgeni. Kabla ya msimu ule wa baridi mwanafunzi mmoja alichomwa kisu kwenye daraja la waenda kwa miguu, na mpishi mmoja akavutwa kutoka kituo cha basi akaachwa hana meno ya mbele. Tuliambiwa tusizungumze lugha yetu barabarani, tusitembee na simu mkononi, tusiwatazame vijana usoni. Wageni wakubwa, wale wenye magari na walinzi, walifanyiwa semina. Sisi tulikuwa na mlio.

Mlio ulikuwa hivi. Ukifika kazini, unapiga simu nyumbani, unaiacha ilie mara moja, unakata. Maana yake: nimefika. Kama jua limegusa paa la shule iliyo mkabala nasi na simu haijalia, hakuna kuulizana. Kila aliyemo jengoni anavaa viatu, tunatoka pamoja, tunaifuata njia aliyopita hadi tumpate. Hakuna anayebaki, hata watoto, kwa kuwa nani angebaki nao?

Tuliwahi kutoka mara moja. Jirani huyo wa chini, aliyekuwa akimenya viazi katika jiko la hospitali, hakubipu. Tukashuka kilima kundi zima, binti yangu mbele kabisa na tochi, wanawake wakisali kwa sauti, mtu mmoja na fimbo ya ufagio. Tulipovamia lile jiko tulimkuta anacheka na wenzake. Simu yake ilikuwa imezima. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina alilozaliwa nalo. Akawa Mama Chaji. Kila alipopita kwenye ngazi, lazima mtu amwulize kama amekula na kama simu yake nayo imekula. Alikasirika kwa juma moja, akazoea, na mwishowe nadhani alilipenda jina hilo. Lilikuwa ushahidi kwamba kuna watu ambao wangemtokea.

Asubuhi ile ya ukungu, simu yetu ililia mara moja.

Nilikuwa namsuka binti yangu. Niliacha nywele zake zikining'inia, nikapiga magoti pale pale sakafuni, nikamshukuru Mungu. Nilishukuru kwa maneno mengi, maana ukungu ulikuwa umenitia hofu. Nilisema, ee Mola, umempitisha salama katikati ya wasiomtakia mema, umemfikisha, jina lako litukuzwe. Binti yangu akasema amina, akaniuliza kama sasa ninaweza kumalizia upande wa pili.

Nikaenda kazini nikiwa mwepesi. Nilipiga pasi mashuka katika hoteli moja ya mjini, chumba cha chini ya ardhi chenye mvuke, ambako simu zetu zilifungiwa kabatini hadi tutoke. Kabla ya saa sita nilitumwa kupeleka mashati juu, na mgeni mwenye chumba, mhandisi aliyekuja kwa mkataba wa mwaka mmoja, alinizuia mlangoni. Alikuwa na ramani ndogo mkononi. Aliniuliza kwa upole kama mtu kama yeye anaweza kutembea hadi duka la dawa bila dereva, kwa sababu ofisini kwao walimtisha sana. Nilimwonea huruma. Nilimwambia, kwa lugha ya nchi ile niliyoanza kuishika darasani, na nikijivunia kwamba sikukosea hata neno: "Leo njia ni salama. Mume wangu amepita asubuhi hii, amefika vizuri."

Akanishukuru, akakunja ramani yake.

Wakati nasema hayo, mume wangu alikuwa amelala nyuma ya kabati la umeme karibu na kituo cha basi, na mfagia barabara alikuwa amemwinamia. Alikuwa mwanamke wa nchi ile, wa umri wangu. Alivua koti lake la njano la kazi akamfunika, akakaa naye kwenye baridi hadi gari la wagonjwa lilipofika. Baadaye nilimtafuta nimshukuru. Alisema alipomwona mara ya kwanza alidhani ni rundo la nguo, akafagia hadi karibu kabisa ndipo rundo likapumua.

Hakuna aliyemtafuta kabla ya hapo. Bosi wake alidhani anaumwa. Sisi tulijua amefika.

Walikuwa wamemvunja taya, mbavu, na mkono wa kulia, ule unaoshika bisibisi. Taya lilifungwa kwa waya, kwa hiyo kwa muda mrefu hakuzungumza, na muda huo wote nilikuwa na maelezo yangu. Nilijiambia kwamba simu ilibonyezwa na vidole vya wezi. Nikajiambia tena kwamba alikuwa akiniita, na simu ikavunjika kabla ya mlio wa pili. Hili la pili ndilo lililonikondesha. Nilikaa kando ya kitanda nikimlisha supu kwa mrija, na kila aliponitazama niliona jicho la mtu aliyemwita mkewe na mkewe akaendelea kusuka nywele.

Siku walipotoa waya nilimwuliza kabla hata hajanywa maji.

"Nilipiga ili msitoke," alisema.

Sauti yake ilikuwa ngeni, kama imetoka kwa mtu aliyelala chumba cha pili. Nilimwomba arudie. Akarudia, kisha akaeleza polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alikuwa ameshavuka daraja aliposikia kicheko nyuma yake. Aliingia nyuma ya lile kabati la umeme, akachuchumaa. Walimtafuta, wakampita, wakarudi wakasimama barabarani wakivuta sigara. Hawakuonekana kuwa na haraka. Walikuwa wengi, mmoja alikuwa akiburuta chuma chini, na walisimama kati yake na nyumbani, katika njia ile ile ambayo tungeshuka tukimwita kwa lugha yetu. Angezungumza kwenye simu, wangemsikia. Angeandika ujumbe, tungesoma kwamba yuko hatarini, ndiyo kwanza tungetoka mbio. Mbingu ilikuwa imeanza kupauka. Akilini alimwona binti yetu akija mbele ya watu wote, kama siku ya Mama Chaji.

Basi akaitoa simu, akaficha kioo kwa kiganja, akabonyeza. Mlio mmoja. Akakata.

Lakini ukungu uliudaka ule mwanga kidogo uliovuja kati ya vidole vyake, ukautandaza juu ya kabati zima. Wakageuka.

Nilitoka nje ya wodi nikasimama kwenye korido. Muuguzi alikuwa amesikia kidogo, akanishika bega akaniambia nina bahati ya kupata mume wa namna ile. Nilimwambia asante. Kisha nikajifungia chooni ili nisali, na sala haikuja. Tangu utotoni sala ilikuwa kwangu kama pumzi, na siku ile nilifunga macho nikajiona tu nimepiga magoti sakafuni, kitana mkononi, nikimtukuza Mungu kwa mlio, na katika dakika hizo hizo chuma kikipanda na kushuka. Nilimwuliza: shukrani ile uliipokea? Uliiweka wapi? Hadi leo namwuliza. Miaka imepita, tumehamia mji mwingine, binti yangu ana mtoto wake, na bado simu ya mtu ikilia mara moja dukani ikanyamaza, mimi huweka chini nilichoshika.

Niliporudi kitandani kwake nilimwambia, "Ungeniacha nije."

"Wangewaua."

"Labda. Na labda wangekimbia wakituona wengi. Hatutajua kamwe, kwa sababu uliniamulia."

Akageuza uso ukutani. Yule asiyepandisha hasira, na mimi niliyezoea kushukuru kwa kila kitu, tuliachana bila kuagana muda wa wageni ulipokwisha.

Habari ilizunguka jengo zima kabla hajaruhusiwa kutoka hospitali, na ikafanya jambo ambalo visu havikufanya. Iliua mlio. Simu ilipolia mara moja, hakuna aliyeuamini. Mama Chaji alikuwa akimpigia mwanawe na kumhoji hadi bosi wa kijana akatishia kumfukuza. Mke wa dereva wa lori la takataka alipata mlio wa mumewe na akatoka hivyo hivyo, peke yake, gizani, akamfuata hadi kwenye geti la kazini. Wengine walianza kusema wazi kwamba wanafunga virago. Mimi niliwaza vivyo hivyo. Kama tusingeweza kuaminiana, tungeishi vipi pale?

Jumapili moja Hedimasta alituita sote katika chumba cha baiskeli. Kwao alikuwa ameongoza shule. Hapa alilinda maegesho ya magari, lakini akisimama mbele ya watu bado mikono yake ilienda nyuma yenyewe. Barafu aliletewa kiti. Wanaume wakaanza kumsifu, kila mmoja kwa zamu, kwamba alichofanya ndicho angefanya mume yeyote mwenye moyo.

"Hilo ndilo tatizo," alisema Mama Chaji. "Kila mmoja wenu angefanya. Kwa hiyo mlio umekufa. Tuuzike tu tuache kujidanganya. Na mimi mrudishieni jina langu."

Watu walicheka kidogo, kisha wakaona kwamba alikuwa analia.

Hedimasta alisema kuna njia moja tu. Kila mtu asimame mbele ya wengine aahidi kwa mdomo wake kwamba hatapiga kama hajafika, liwe liwalo, hata kama anajua watakaomfuata watakuta nini. Asiyeweza aseme, ili tusikae tukimsubiri.

Barafu alisimama wa kwanza. Alichelewa kuinuka kwa sababu ya mkono. Hakuwatazama wengine, alinitazama mimi, akaahidi kwa sauti ile ngeni. Mama Chaji akaahidi. Hedimasta mwenyewe akaahidi. Dereva wa lori alisimama, akafungua mdomo, akasema hapana, yeye ana mtoto mchanga, hawezi. Akakaa. Hakuna aliyemlaumu. Mkewe alijifunika uso kwa mtandio na akabaki hivyo.

Kisha ikawa zamu yangu, na nilikuwa nimekuja nikidhani kwangu ni rahisi. Mimi ndiye niliyedanganywa. Mimi ndiye niliyedai ukweli. Lakini niliposimama nilijikuta nyuma ya lile kabati, nimechuchumaa, kidole kwenye kitufe, na kupitia kwenye ukungu nikamwona mume wangu anashuka kilima na mkono mmoja, na binti yetu amemshika upande wa pili, na wote wawili wanaita jina langu. Kidole kilijua cha kufanya. Hakikuwa na shaka hata kidogo. Nilielewa hapo, mbele za watu, kwamba mume wangu hakuniamulia chochote. Alinipenda tu kwa haraka, bila nafasi ya kuuliza.

Mimi siapi ovyo. Ninachosema mbele ya watu nimekisema mbele za Mungu, na Yeye na mimi tulikuwa hatujapatana bado. Chumba kilinisubiri. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi, kidevu juu ya magoti, akiniangalia kama mtu ambaye amenisikia nikisali maisha yake yote.

"Nisipofika, sitapiga," nilisema. "Mtoke, mje."