Pima na Mstari wa Kijani

Mafundi wenzake walimwita Pima. Alikuwa fundi wa vigae, mwanamke pekee kwenye kundi lao, na hakuna kigae alichokilaza bila kuvuta uzi na kupima mara mbili. Walipomcheka aliwajibu, "Chekeni tu. Vyenu mtarudi kuvibomoa."

Alipotimiza miaka hamsini na miwili, saratani ikamwingia titi la kulia. Likakatwa. Zikafuata dripu sita za kemo, dawa kali ya saratani, moja kila wiki tatu. Nywele zikamtoka, kucha zikawa nyeusi, mdomo ukawa kama wa mtu aliyelamba saruji. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ndiye aliyemshikia beseni kila alipotapika. Dripu ya sita ilipoisha, wifi huyo huyo akaupigia simu ukoo mzima: mgonjwa kamaliza!

Baada ya wiki mbili daktari akawaita. "Sasa tunaingia kwenye mionzi. Siku ishirini na tano, Jumatatu hadi Ijumaa."

Walipotoka tu mlangoni, wifi akamkamata mkono. "Hapana. Hiyo kitu inaunguza watu. Umebaki mifupa, wifi yangu. Umepigana, inatosha."

"Nimemla ng'ombe mzima, nishindwe na mkia?"

"Mkia gani wa siku ishirini na tano!"

"Basi ng'ombe huyu ana mkia mrefu. Na maji haya nimeshayavulia nguo, tena mbele ya madaktari saba. Nitayaoga."

Wifi alitaka kununa, akajikuta anacheka.

Ila Pima alikuwa na hasira ambayo hakumwambia mtu. Kemo alikuwa ameizoea kama mtu anavyomzoea jirani mkorofi. Alijua siku ya tatu ndiyo mbaya, ya saba chakula kinaanza kupita. Sasa anaanza upya, chumba kingine, watu wengine, na mashine isiyouma wala kunuka. Kitu kisichouma utapigana nacho vipi?

Walimchora alama za wino kifuani, wakamwambia asizisugue. Kila asubuhi alilala kwenye ubao, mkono wa kulia umeinuliwa juu ya kichwa na kuwekwa kwenye kishikio cha matundu, kila mgonjwa na tundu lake, halafu mstari mwembamba wa taa ya kijani ukashuka katikati ya kifua chake. Mstari ule ulipita juu ya alama mbili, ya juu na ya chini. Pima aliukubali siku ya kwanza. Ulikuwa umenyooka kuliko uzi wowote aliowahi kuuvuta.

Siku ya tisa foleni ilikuwa ndefu. Mtaalamu wa mashine, mwanaume wa miwani aliyekuwa na haraka, alimlaza, akamwekea mkono kwenye kishikio, akageuka kuondoka. Pima akahisi bega linavutwa kuliko jana. Akashusha macho kifuani. Juu, mstari umegusa alama. Chini, umetoka upana wa kidole.

"Kaka, subiri. Nimelala kombo."

"Uko sawa mama. Tulia, usitikisike."

"Siko sawa. Juu umegusa, chini umetoka."

"Mama, hii kazi tunaifanya kila siku."

Pima akashusha mkono, akaketi, akajifunika shuka. "Na mimi nimenyoosha mistari miaka ishirini na sita. Silali hapo mpaka upime tena."

"Kuna watu kumi na wanne nje!"

"Waambie wamgombeze mwanamke wa vigae. Mwili ni wangu. Hapa ukikosea, hakuna kubomoa ukaanza upya."

Mtaalamu akavuta pumzi ndefu, akamwita mwenzake, dada mmoja wa zamu. Yule dada akafungua faili, akainama kwenye ubao. "Kishikio kimebaki tundu la tatu," alisema. "Ni la mgonjwa aliyetangulia. Huyu mama ni la tano."

Mwanaume wa miwani akahamisha kishikio, akamlaza upya taratibu, na mstari ukashuka mahali pake. Kabla hajatoka alisema, "Samahani, mama. Umeona vizuri."

"Tuendelee," Pima alijibu.

Pale kwenye benchi la kungojea, aliwasimulia wagonjwa wenzake bila kupunguza chumvi, mpaka wifi akamkanyaga mguu anyamaze. Haikusaidia. Kesho yake bibi mmoja wa saratani ya shingo alisikika akiuliza kwa sauti kubwa, "Mimi tundu langu ni la ngapi?"

Wiki ya nne ngozi ilimbabuka, ikawa nyeusi na kuwaka chini ya kwapa. Uchovu ulimwangusha mchana kwenye kiti, kijiko bado mkononi. Hata hivyo siku zote ishirini na tano alikwenda, na hakuna hata moja aliyochelewa.

Miezi miwili baadaye alirudi kazini, kwenye jengo la shule, kichwani nywele fupi kama za mtoto mchanga. Mkono wa kulia ulikuwa haupandi juu ya bega, kwa hiyo aliomba sakafu, kuta akamwachia fundi mwenzake.

"Sakafu ni kazi ya magoti, Pima," fundi yule alimwonya. "Wewe bado mgonjwa."

"Magoti hayajaugua," Pima akasema, akapiga magoti. "Nisogezee ndoo."