Uzi wa Kushoto

Fundi cherehani alishushwa kwenye kituo cha basi kinachotazamana na hospitali, na begi la nguo za mtoto alizoshona mwenyewe. Dereva alikuwa mkwe wake. Alimwonyesha lango ng'ambo ya barabara akasema, "Wodi ya wazazi, ghorofa ya pili, mama. Wanampasua mwanao asubuhi hii, na anaogopa. Anataka akuone kwanza." Kisha akafunga mlango akaondoka, maana basi la jiji halimngojei mkwe wa mtu.

Binti yake alishamwonya kwenye simu kwamba huku ugenini magari yanatokea kushoto, si kulia kama nyumbani. Kwa hiyo fundi alikuwa ametia uzi mwekundu kwenye pindo la mkono wa kushoto wa gauni lake, apate kukumbuka. Aliutazama uzi vizuri. Halafu akageuza shingo kulia, kama alivyozoea tangu utotoni, akaona kweupe, akashuka barabarani.

Mtu akamkamata mkono. Lori likawapitia miilini wote wawili, na fundi akasikia baridi kama aliyefungua friji.

"Shikamoo mama," yule mtu alisema kwa lugha ya nyumbani. "Usiniachie mpaka tufike. Ukiniachia, yanagonga kweli."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni marehemu?"

"Ndiyo, mama. Niligongwa hapo kwenye mstari mweupe."

Alikuwa kijana nadhifu, na chupa ya chai kwapani. Walivuka polepole. Pikipiki kadhaa zikawapitia, na gari la taka, na fundi alishukuru kwamba nguo za mtoto hazikuchafuka. Kwenye ukingo wa upande wa hospitali kijana akasimama.

"Hapa siwezi kupanda. Niulizie mke wangu huko wodini, amejifungua. Chai yake inapoa."

Fundi alimkuta binti yake kwenye kitanda cha magurudumu, anasukumwa kwenda chumba cha upasuaji. Akamshika mkono mpaka mlangoni.

"Nilijua hutafika, mama."

"Nikose kufika, na nimevushwa?" alisema fundi, akalia, kwa sababu alijua fika kwamba bila yule kijana angeingia hospitali hiyo kwa mlango wa nyuma, ule wa maiti.

Mtoto alizaliwa mzima, msichana mwenye sauti. Mkwe alipotoka kazini, fundi alimuuliza habari za mke wa marehemu.

"Aliruhusiwa zamani, mama. Akarudi kwao na mtoto. Kila mgeni anatumwa swali hilo na kila mgeni anarudisha jibu. Halimwingii."

"Na taa za kuvukia, mbona hawaweki?"

"Waliombwa. Wakubwa wakaja na miwani yao, wakakuta tangu afe huyu hajagongwa mwingine. Wakasema barabara ni salama." Mkwe akacheka kidogo. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Na wewe unampitia?"

"Kila zamu. Madereva wote tunampigia honi ya salamu. Si adabu kumpita mtu kimya."

Siku ya kumtoa binti hospitalini, kijana aliwavusha wote kwa mkupuo, wameshikana mikono, mtoto kifuani kwa baba yake. Lilipowapitia gari la kwanza mtoto alipiga chafya. Walipofika kituoni fundi akamwambia kijana, "Mkeo mzima. Mtoto pia. Walirudi nyumbani."

"Ahsante mama. Basi ngoja niwawahishie chai, wapo ghorofa ya pili."

Fundi aliumia moyo. Akafumua uzi mwekundu kwenye pindo lake, akatoa sindano begini, akaushonea kwenye mkono wa kushoto wa shati la kijana. Kitambaa kilikuwa baridi, lakini kilishika.

"Kabla hujashuka, tazama uzi huu kwanza. Magari yanatokea upande huu. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimeelewa, mama."

Kijana aliutazama uzi vizuri. Halafu akageuza shingo kulia, akaona kweupe, akashuka barabarani na chupa yake ya chai. Basi likampitia. Dereva akapiga honi ya salamu.