Kumvisha Mke wa Mtu

Jumapili moja ya Mei, Asger Bundgaard, mwoka mikate mstaafu wa mji wa Lemvig, alikuwa na saa moja tu ya kumvisha mkewe nguo. Saa nne mjukuu wao angepokea kipaimara, na Ragnhild bado alikuwa ameketi kitandani na gauni la kulalia, akimkodolea macho kama aliyemkamata mwizi.

"Inua mikono, mke wangu, nikuvue."

"Mke wako nani? Mimi nina mume. Akikukuta humu, utajuta."

Miaka mitatu ugonjwa wa kusahau ulikuwa ukimmega kidogo kidogo, lakini hakuwahi kumkana mumewe namna ile. Asger alinywea. Kisha akakumbuka onyo la muuguzi: usibishane naye.

"Niwie radhi, bibi. Huyo mumeo yukoje?"

"Mrefu. Nywele nyeusi tii." Akautazama upara wa Asger. "Si kama wewe."

"Ana sura?"

"Ya kutosha. Ila anakoroma kama trekta."

"Labda watu wanamsingizia."

"Watu gani? Mimi ndiye ninayelala naye."

"Basi yeye ndiye kanituma. Ametangulia kanisani. Kasema uvae lile gauni la buluu."

Ragnhild alifikiri. "Haya. Geukia ukutani."

Mzee wa miaka themanini na moja akageukia ukutani chumbani mwake mwenyewe, akawa anampitishia nguo moja moja juu ya bega.

"Mkono unatokea wapi hapa?"

"Kwenye tundu la pembeni."

"Limejaa kichwa."

Aligeuka akakuta mkewe kakwama kichwa ndani ya mkono wa gauni. Akamchomoa, kisha akamfunga vifungo huku amefumba macho, maana ndilo sharti alilopewa. Alipoyafumbua, Ragnhild alikuwa keshavuta suruali nyeusi ya Asger kitini na kuivaa chini ya gauni. Kanisani kuna baridi, alisema, na hakuivua ng'o. Asger akaenda na ile ya bustanini.

Mlangoni mchungaji aliwapa mkono. Ragnhild akamwinamia.

"Huyu si mume wangu," akanong'ona, na mnong'ono wake ukafika madhabahuni. "Lakini ana adabu. Usimwambie mwenyewe."

Watu wa viti vya nyuma waligeuka. Asger aliwaka masikio, akamwongoza hadi kitini akimwonea wivu yule mwenye nywele nyeusi. Wimbo ulipoanza, Ragnhild aliimba beti zote bila kitabu, na mkono wa Asger hakuuachia.