Mkataba wa Miezi Ishirini na Minne

Mimi sipendi kitu cha bure. Nimekagua mizigo katika ghala moja la Freezone, eneo la biashara huria pale uwanja wa ndege wa Dubai, kwa miaka sita, na sijawahi kuona kifurushi ambacho mtu hakukilipia mahali fulani. Kwa hiyo Jumapili ile Da Joha aliponivuta mkono hadi kwenye kibanda cha intaneti mlangoni mwa supamaketi yetu ya Al Baraha, nilikwenda nimeshakunja uso. Tangazo lilisema tableti bure. Chini yake, kwa herufi ndogo kama mbegu za mchicha, lilisema pamoja na mkataba wa intaneti ya nyumbani wa miezi ishirini na minne.

Chumbani kwetu tunakaa watatu: mimi, Da Joha wa Unguja anayepika kwenye mkahawa mdogo Al Ras, na Rosina wa Iringa, ambaye siku hiyo alikuwa kazini. Kila mtu hununua data yake ya simu, na ikifika jioni picha inaganda, unabaki unaangalia pua na jicho moja la mtu unayempenda. Wenzangu walikuwa wameshaamua tuweke intaneti ya maana. Kazi ilikuwa ni jina la kuandika. Kitambulisho cha Rosina kilikuwa kimepelekwa kufanywa upya. Da Joha alikataa mapema kwa sababu eti anarudi kwao. Hilo tumelizoea, Da Joha anarudi Unguja tangu nimjue.

Likabaki jina langu, na mimi pia nilikuwa narudi. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa narudi kweli. Januari, Kitale. Dada yangu alikuwa ameshanishikia chumba cha saluni, na binti yangu Judy, mwenye miaka tisa, alikuwa ameshatangazia shule nzima. Niliwaambia hivyo wenzangu, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilikuwa nimesema hivyo hivyo mwaka juzi, na mwaka jana, na mara zote mbili nikaongeza muda kazini. Siwalaumu, ingawa iliniuma.

Muuzaji aliitwa Yasir. Bibi yake aliyemlea alikuwa mtu wa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko changu, jambo lililonifanya nimtilie shaka zaidi. Alinipa tableti. Nikaipima mkononi, kama tunavyofanya ghalani kabla ya kuweka mzigo kwenye mizani. Ilikuwa nyepesi mno. Nikabonyeza mgongo wake, ukabonyea. Nikagusa kioo, kikafikiri kwanza. Nikamwambia Yasir kwamba kifaa hiki hakizidi bei ya viatu vya plastiki, faida yao iko kwenye ile miezi. Hakukataa. Alicheka akasema kampuni ingeniajiri mimi, yeye apumzike.

Nikauliza, nikiondoka katikati je? Kuna faini, na huwezi kuhama nchi ukiwa na deni hilo. Nikauliza kama kuna ruta tupu, bila tableti, bila mkataba. Ipo, ila unainunua mwenyewe na kila mwezi unalipa zaidi. Nilipiga hesabu kichwani mara mbili nikitafuta ujanja wao, nikaukosa. Kwa mtu anayekaa, mkataba ulikuwa nafuu. Ila lazima ukae.

Halafu Yasir akafungua kamera. Nikajiona uso mzima, mkubwa, hata hereni zinaonekana. Nikamfikiria Judy akiniona hivyo kila jioni, na moyo wangu ukaanza kunidanganya: miaka miwili si mingi, saluni itangoja. Kidole changu kilikuwa kimeshafika juu ya kioo cha kusainia.

Nikasema nimpigie kwanza nimpe habari. Nilimweleza kuhusu tableti na jinsi atakavyoniona vizuri. Akauliza ni ya muda gani. Nikamwambia miaka miwili. Akanyamaza, nikadhani picha imeganda. Haikuwa imeganda.

"Kwani January hukuji tena?" akauliza. Kabla sijajibu akaongeza, "Ni sawa, Mum."

Alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea. Angelia ningevumilia. Ile "ni sawa" ilinikata maini.

"Nakuja," nikamwambia, nikakata simu na kumrudishia Yasir tableti yake. Nikamgeukia Da Joha nikijua atanitania. "Mimi sisaini. Nitakuwa nimeenda."

Da Joha akatoa kitambulisho chake kwenye mkoba, akakipangusa kwa mkono wa baibui, akakiweka mbele ya Yasir.

"Weka jina langu," akasema. "Mie siendi popote."

Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu zamani, ila alikuwa anaona haya kulisema. Watoto wake wameshaoa, nyumba ya Unguja ina wenyewe, na huku ana jiko lake na wateja wanaomwuliza asipoonekana. Alisema anapapenda hapa, akacheka peke yake kwa kulisikia neno hilo likitoka. Nikacheka naye. Yasir naye akacheka, ingawa nadhani alikuwa anaifurahia kamisheni yake.

Da Joha akasaini. Kilichobaki kwenye fomu ni mtu wa kupigiwa mwenye mkataba asipopatikana, mtu atakayekuwepo Dubai kwa miaka hiyo miwili. Yasir akanitazama. Kwa mazoea nikafungua mdomo kutaja namba yangu.

Da Joha akanishika mkono. "Andika Rosina," akamwambia. "Huyu Januari hatakuwepo."

Hakuwa anatania. Nikasimama pale mlangoni, watu wakipita na mifuko yao, machozi yananitoka na mdomo unacheka, nikamtajia Yasir namba ya Rosina tarakimu moja moja.